Jina limefutwa daftarini, nyumba ingali imesimama

Msomaji wa Morogoro mwenye duka la stesheneri ameleta swali zuri. Kompyuta ya dukani inamwambia diski imejaa. Amepita folda moja baada ya nyingine akijumlisha, na mafaili anayoyaona hayafiki nusu ya diski. Nusu nyingine imekwenda wapi? Na akiipata, aifute tu?

Ilipo ni rahisi kueleza. Kila faili katika Windows hubeba alama ndogo ndogo za tabia yake, na mojawapo, yenye ukubwa wa biti moja tu, inasema faili hili lisionyeshwe. Hakuna kufuli wala nywila. Fungua dirisha la mafaili, nenda kwenye menyu ya mwonekano, ruhusu vilivyofichwa vionekane, na folda iitwayo AppData itajitokeza chini ya jina lako la mtumiaji. Ndani yake mna Local, na ndani ya Local mna Temp. Hapo ndipo programu huweka mafaili ya muda: nakala ya kazi unayoendelea nayo, vipande vya programu iliyokuwa ikisakinishwa, picha iliyofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe. Programu ikifungwa kwa utaratibu, aghalabu hujisafishia. Umeme ukikatika ghafla haipati nafasi hiyo, na kwa maduka yetu hilo peke yake linatosha kueleza gigabaiti nyingi.

Kufika huko kwa haraka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, kisha Enter. Chagua yote, futa. Yatakayokataa yanatumika wakati huo; yaache. Mengine yanaondolewa kupitia mipangilio ya hifadhi, ambako Windows yenyewe inakuorodheshea mafaili ya muda. Isome orodha hiyo kabla ya kuikubali, kwa sababu inaweza kuwa na folda ya vilivyopakuliwa, na humo ndimo vyeti vya wateja vinamolala. Mafaili mawili makubwa, pagefile.sys na hiberfil.sys, si takataka. La kwanza linaisaidia kumbukumbu ya kompyuta inapozidiwa, la pili linahifadhi kila kilichokuwa wazi mashine inapolala. Usiyafute kwa mkono.

Sasa tuje kwenye "aifute tu". Hapa ndipo swali linaponoga, kwa sababu kufuta si kazi inayofanyika pale mtu anapodhani.

Windows inapoandaa diski kwa mpangilio wake wa NTFS, ambao imekuwa nao tangu 1993, kwanza inaigawa nafasi yote katika vipande vilivyo sawa, kwa kawaida baiti 4,096 kila kimoja. Wapo wanaokiita kipande hicho "kundi". Jina hilo halinikai. Kundi ni la vitu vilivyojikusanya, na hapa eneo limepimwa na kuwekewa mipaka kabla mwenyeji yeyote hajafika. Nakiita kiwanja.

Ukishakubali kiwanja, ofisi ya ardhi inakuja yenyewe. Ina madaftari mawili. Daftari la kwanza lina ukurasa kwa kila faili, kwa kawaida wenye baiti 1,024: jina, tarehe, ile alama ya kufichwa, na namba za viwanja ambamo faili limejengwa. Viwanja hivyo si lazima vipakane. Barua moja ndefu yaweza kuwa na chumba mashariki ya mji na kingine magharibi, na ni ukurasa huo pekee unaojua kwamba vyote ni vya mwenyeji mmoja. Faili dogo sana, la baiti mia chache, halipewi kiwanja kabisa. Linaishi ndani ya daftari, kwenye nafasi iliyobaki ya ukurasa wake. Napenda sana jambo hili: anwani na nyumba vimekuwa kitu kimoja.

Daftari la pili halina jina la mtu. Lina biti moja kwa kila kiwanja, 1 kikiwa kimechukuliwa, 0 kikiwa wazi. Diski ya gigabaiti 500 ina viwanja kama milioni 122, kwa hiyo daftari hili zima ni megabaiti 15 hivi. Megabaiti 15 ndizo zinazoamua wapi pana nafasi katika mji wote!

Unapofuta faili na kulitoa hata kwenye pipa la taka, karani hatoki ofisini. Anauwekea ukurasa alama kwamba hautumiki tena, kisha kwenye daftari la pili anageuza 1 kuwa 0 kwa kila kiwanja cha faili hilo. Amemaliza. Ndiyo maana filamu inayochukua dakika nzima kunakiliwa inafutika kabla hujainua kidole. Na kule mjini hakuna tofali lililoguswa. Nyumba imesimama, samani zimo, barua ziko mezani, mpaka siku kiwanja kitakapogawiwa mtu mwingine naye aanze kujenga. Siku hiyo inaweza kuwa leo jioni au mwaka ujao.

Mpangilio wa zamani wa FAT, ambao bado uko kwenye flashi nyingi, unafanya hivyo kwa njia ya kupendeza zaidi. Unapofuta faili, baiti ya kwanza ya jina inabadilishwa kuwa alama maalumu, E5 kwa hesabu za kumi na sita, na viwanja vyake vinahesabiwa kuwa vitupu. Maneno yenyewe hayaguswi. MS-DOS 5.0 ya 1991 ilikuja na amri ya kufufua mafaili, na kwa kuwa herufi ya kwanza ilishapotea, iliweza kukuonyesha ?ARUA.DOC ikakuomba uitaje. Ukijibu B, barua inarudi.

Kwa mwenye stesheneri jambo hili ni zito, kwa sababu ya printa. Kabla karatasi haijatoka, Windows kwa kawaida huandika kurasa kwanza kwenye faili la muda ndani ya folda yake ya foleni ya uchapaji, kisha hulifuta kazi ikiisha. Kila kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na mkataba wa pango uliochapwa dukani umepita hapo, na umefutwa kwa namna niliyoieleza. Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walinunua diski zilizotumika 158 na kuchapisha matokeo 2003. Kati ya 129 zilizosomeka, 12 tu zilikuwa zimesafishwa sawasawa. Kwenye nyingine walikuta zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki, pamoja na kumbukumbu za matibabu. Kompyuta za mitumba tunazonunua Kariakoo zina diski za aina hiyohiyo, na za kwetu nazo tunaziuza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na cheti cha mteja ni taarifa binafsi hata kikiwa kwenye kiwanja kisicho na jina.

Basi, ukishafuta mafaili ya muda, kuna hatua moja zaidi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike cipher /w:C:\ halafu uiache mashine ifanye kazi usiku kucha. Amri hii haigusi mafaili yaliyopo. Inajenga juu ya viwanja vitupu mara tatu: kwanza sifuri tupu, kisha moja tupu, mwisho namba za kubahatisha. Kwenye diski za SSD mambo huenda kwa utaratibu mwingine, na huko ni afadhali kuisimba diski nzima tangu siku ya kwanza.

Njia inayoitumia cipher inanifurahisha: inaunda folda iitwayo EFSTMPWP, na ndani yake inakuza faili la muda mpaka limeze nafasi yote iliyo wazi, kisha inalifuta. Umeme ukikatika katikati, folda hiyo inaweza kubaki na uzito wake wote. Ifute kwa mkono, uanze tena.