Ufa wa Chasisi na Moto wa Fundi

Chukua Canter ya kawaida yenye bodi ya urefu wa mita 3, upana wa mita 1.7 na kuta za sentimita 40. Ikijazwa mpunga mkavu Kahama hadi ukingoni, inabeba zaidi kidogo ya tani 1. Bodi hiyohiyo ikipelekwa Nyarugusu au Rwamgasa ikajazwa mawe ya dhahabu yanayotoka maduarani, yaani mashimo ya wachimbaji, kwenda karasha, mashine ya kuyasaga, mzigo unapita tani 3. Mita moja ya ujazo ya mpunga ina takribani kilo 580. Ya mawe yaliyovunjwa hufika kilo 1,600, na yakiwa yametoka shimoni na maji yake huzidi hapo. Kwa macho bodi imejaa vilevile mara zote mbili. Mwenye gari lililoundwa kubeba tani 2 akipakia mawe angepaswa kuishia sentimita 25 hivi kutoka sakafuni, na mstari wa rangi ndani ya bodi ungemkumbusha mpakiaji. Bodi zenye mstari huo ni za kutafuta.

Ndiyo maana kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, Katoro na Geita, gereji hazikosi gari lililopandishwa juu ya magogo likisubiri kuchomelewa chasisi. Mara nyingi si gereji hata kidogo: ni uani kwa mwenye gari, waya umevutwa kutoka ndani ya nyumba au jenereta inanguruma kando. Kazi hiyo inaweza kufanyika uani na ikadumu. Inayofanyika sana, lakini, ni ile ya kuziba ufa kwa dakika kumi ili gari liwahi safari ya jioni.

Chasisi ya lori ni reli mbili ndefu zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama. Kila reli ina umbo la herufi C: ukuta uliosimama na kingo mbili, ya juu na ya chini. Mzigo ukikaa katikati ya ekseli, reli hujipinda kidogo. Ukingo wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Katikati ya ukuta nguvu hizo ni ndogo. Ndiyo sababu viwandani matundu ya bolti na riveti hutobolewa zaidi ukutani, na kingo huachwa nzima kadiri inavyowezekana. Riveti zenyewe zina kazi yake, kwa kuwa huiacha chasisi ijinyonge kidogo tairi moja linapoingia shimoni.

Barabara ya vumbi huipinda reli na kuinyoosha maelfu ya mara kwa safari moja. Waya wa chuma hukatwa kwa kupindwa huku na huku bila msumeno, na reli huchoka kwa namna hiyohiyo. Ufa huanzia mahali penye kasoro: pembeni ya tundu, kwenye kishikio cha springi, nyuma tu ya kebini ambako bodi inaanzia, au mwisho wa kiraka cha zamani. Hapo mwisho wa kiraka ndipo fundi makini anapotazama kwanza.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba mshono ukichomwa vizuri, wenyewe hukatika mara chache. Kinachoachia ni chuma cha kandokando yake. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho milimita chache kutoka kwenye mshono, na pale mshono unapokutana na reli hubaki mkunjo mdogo unaokusanya nguvu zote za mtikisiko. Fundi anayeona ufa umerudi, kisha akaongeza bamba nene zaidi na kulizungushia mshono pande zote nne, anausogeza ufa hatua chache mbele. Bamba nene halijipindi pamoja na reli, kwa hiyo kazi yote ya kujipinda huangukia mwisho wake, palepale alipopitisha moto kukatisha reli.

Kazi ya kudumu huanza kabla ya moto. Mzigo wote unashushwa na reli inasawazishwa kwa jeki hadi ufa ujifunge. Mishazari miwili ya chasisi inapimwa kwa futi, kwa sababu ikipishana, chasisi imepinda na inahitaji kuvutwa kwanza. Rangi na kutu vinaondolewa kwa grainda hadi chuma king'ae. Kisha unatafutwa mwisho wa kweli wa ufa, ambao karibu kila mara uko mbele ya pale jicho linapoishia. Njia ya zamani bado inafaa: pakaa mafuta ya taa, futa vizuri, paka chaki, subiri. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mwisho wa mstari huo hutobolewa tundu dogo ili ufa usiendelee kukimbia wakati wa joto. Ufa wenyewe huchimbwa kwa grainda kama herufi V, mshono ushike unene wote wa chuma, kisha husagwa ukalingana na reli.

Bamba la kuimarisha, kama linahitajika, linakaa kwenye ukuta, lisizidi unene wa reli, na ncha zake zikatwe mshazari. Mishono ifuate urefu wa reli. Ncha ziachwe bila kuchomwa, na kingo za juu na chini zisiguswe na moto wa kukatisha.

Vijiti vya kuchomelea navyo vina maana yake. Kinachopatikana kila duka ni 6013, chepesi kuwaka na kizuri kwa mageti na madirisha. Kwa chasisi hupendekezwa zaidi 7018, ambacho nguvu yake ya kuvutwa ni kama megapaskali 480 dhidi ya 410 za 6013, na ambacho mshono wake hauna hidrojeni nyingi ya kupasua chuma baadaye. Kasoro yake ni unyevu. Pakiti iliyoachwa wazi msimu wa mvua lazima iokwe upya kwenye nyuzi 350 hivi. Pia hupenda umeme wa mkondo mmoja, ambao mashine za transfoma zinazosukwa mitaani hazitoi. Inveta ndogo za siku hizi hutoa.

Betri ifunguliwe nyaya zote mbili, na waya wa ethi ubanwe karibu kabisa na mshono, umeme usipite kwenye beringi au kompyuta ya gari. Tangi la mafuta liondolewe. Mwaka 2017 IARC, wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa baada ya kazi hayafiki kwenye mapafu. Kinachosaidia ni hewa inayopita na barakoa ya moshi.

Kuna magari ambayo uani hapayafai. Noah na IST hazina reli za kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, ya mabati membamba ambayo kijiti huyatoboa. Reli za baadhi ya malori makubwa zimeimarishwa kwa joto kiwandani, na moto wa fundi huzilegeza. Reli iliyoliwa na kutu haina chuma cha kushika mshono. Mwaka 2016 nchini Marekani, Toyota ilikubali mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 juu ya kutu kwenye chasisi za magari yapatayo milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia, na yale yaliyooza kupita kiwango yalibadilishiwa chasisi nzima. Mitumba kutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, ikaguliwe kwa nyundo chini kabla ya kununuliwa. Na kipande chenye namba ya chasisi kisikatwe wala kusagwa, kwani ndiyo namba iliyo kwenye kadi ya usajili ya Mamlaka ya Mapato, TRA.

Baada ya safari za mwanzo, chaki na mafuta ya taa virudi tena, safari hii na kwenye reli ya upande wa pili, iliyobeba mzigo uleule kwa miaka ileile. Ufa ukijitokeza upya mwishoni mwa bamba, kiraka kingine hakitasaidia. Reli hiyo inatakiwa kubadilishwa.