Je, wajua? Kifaa kinachoinyima feni umeme ili betri isife

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, magari yakakwama huku na huku. Gari lililokwama hivyo huzimwa injini, lakini umeme unaendelea kuliwa: redio, taa, feni, simu za abiria. Asubuhi dereva anageuza ufunguo, anasikia "tik" tu.

Wajanja hufunga betri ya pili ya matumizi hayo. Rilei huiunganisha na ya kwanza altaneta inapochaji, na huzitenganisha injini ikizimwa. Ya kuwashia imepona. Ya pili je?

Betri ya risasi iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, kwenye 12.2 imebaki kama nusu. Inapotoa umeme, sahani zake hufunikwa na salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti inaondoka. Ukiiacha tupu kwa siku kadhaa, tena katika joto la pwani, salfeti hiyo inakomaa kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiziwezi.

Ndipo hufungwa kiboksi cha kukata umeme, tuseme kwenye volti 11.8. Kina akili kuliko kinavyoonekana. Feni ikizimwa, volti hupanda zenyewe, pengine hadi 12.2, ingawa hakuna chaji mpya iliyoingia. Kiboksi kijinga kingeiwasha tena, kingekata, kingewasha, usiku kucha. Kwa hiyo hiki kina namba mbili: kikishakata, hakirudishi umeme mpaka 12.8 au zaidi, na hapo hufiki bila injini au sola. Pia husubiri kidogo kabla ya kukata, maana mota ya friji ikianza kuzunguka, volti huzama mara moja na kurudi.

Malori ya volti 24 yana mtego wake. Betri ni mbili zilizofuatana, na fundi mwenye haraka huchukua umeme wa redio ya volti 12 kwenye moja tu. Hiyo ikishuka hadi 11.4 na mwenzake akabaki 12.6, jumla ni 24 kamili. Kiboksi kinachopima jumla na kukata kwenye 23.6 kinaona mambo shwari, kumbe betri moja inakufa. Dawa ni kufunga konveta ya kushusha volti 24 kuwa 12, ili redio ivute umeme kwenye betri zote mbili sawasawa.