Mgonjwa Hapoi Siku Homa Inapomwacha

Katika nchi ya chai iliyotandaa tangu Kericho hata Bomet, nchini Kenya, juu ya vilima vya mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako mvua haikawii na baridi ya alfajiri huwafanya wachumaji wa majani kujitanda nguo nzito kabla ya kubeba vikapu vyao, wageni wengi hudhani kuwa malaria ni taabu ya watu wa ziwani na wa pwani peke yao. Kumbukumbu za hospitali ya mashamba ya Brooke Bond, kampuni iliyoingia Kericho katika miaka ya 1920, zinasema vinginevyo. Humo zimeandikwa habari za milipuko iliyozuka baada ya masika na kufikia kilele chake aghalabu mwezi wa Juni, ikiwaangusha watu wazima pamoja na watoto, maadamu watu wa nyanda za juu hawaumwi na malaria mara kwa mara hata miili yao ikapata kinga. Wataalamu waliozichambua kumbukumbu hizo, kuanzia mwaka 1965 hadi mwanzo wa karne hii, walibishana sana kama kuzidi kwa ugonjwa huo katika miaka ya 1980 na 1990 kulitokana na kupanda kwa joto au na vimelea vilivyokwisha kuishinda dawa ya klorokwini. Mjadala huo ulikuwa mintarafu ya namna homa inavyoingia. Habari ya namna damu inavyozaliwa upya baada ya homa kutoka imesemwa kwa uchache, ilhali ndiyo inayoamua kama mgonjwa atasimama au ataanguka tena.

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa; na ili pengo lake lisionekane, mwili wa mtu mzima mwenye siha hutengeneza chembe mpya zipatazo milioni 2 kwa kila sekunde, awe amelala au yumo shambani. Zote hutoka katika uboho, ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, hasa ya kidari, ya uti wa mgongo na ya nyonga. Na asili ya chembe zote za damu, nyekundu zinazobeba hewa, nyeupe zinazopigana na maradhi, na zile ndogo zinazogandisha damu penye jeraha, ni chembe adimu ziitwazo seli shina za damu. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kuwa, katika mtu mzima, seli shina zinazochangia damu ni kati ya 50,000 na 200,000 tu, idadi ndogo mno kwa kazi kubwa namna hiyo.

Kuwapo kwa chembe hizo kulidhihirishwa na James Till na Ernest McCulloch, huko Toronto nchini Kanada, mwaka 1961. Wataalamu hao waliwapiga panya kwa mionzi hata uboho wao ukafa, kisha wakawatia mishipani chembe za uboho wa panya wazima. Baada ya siku kama kumi wakaona vinundu vimeota juu ya bandama, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba kila kinundu kilikuwa kizazi cha chembe moja. Tangu hapo ilijulikana kwamba damu iliyoangamizwa yaweza kurudishwa, lakini kwa sharti kwamba chembe za asili ziwe zimesalia, na ziwe na mahali pa kukaa.

Jambo la ajabu ni kwamba nyingi katika seli shina hizo hazifanyi kazi kila siku. Hukaa kimya zikiwa zimeizunguka mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa, na kazi ya kila siku huachiwa vizazi vyao vya chini. Mtu akipungukiwa na damu, figo hutambua kwamba hewa imekuwa chache, nazo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huviamuru vizazi hivyo kuongeza chembe nyekundu. Na msiba ukizidi, kama vile maradhi makali, mionzi, au dawa za saratani, hata zile zilizotulia huamshwa. Mwaka 2009 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwa panya kwamba interferoni, kemikali ambayo mwili huitoa unapopambana na virusi, huweza kuziamsha. Lakini kuamka kuna gharama: seli shina inayolazimishwa kujigawa tena na tena huharibika urithi wake na kudhoofika. Mkulima wa chai halihitaji somo hili, kwa kuwa anajua kwamba mchai uliokatwa huchipua kwa nguvu ya chakula kilichohifadhiwa mizizini, na kwamba ukikatwa tena kabla haujajaza akiba hiyo, huenda usichipue kabisa.

Sasa malaria huidhulumu damu kwa njia mbili. Kwanza, kimelea huingia ndani ya chembe nyekundu, hula himoglobini yake na kuipasua. Tena mwili wenyewe, katika ghadhabu ya vita, huvunja na nyingine nyingi ambazo hazikuwa na kimelea. Dhuluma ya pili haionekani kwa wepesi. Kimelea kikishakula himoglobini huacha taka nyeusi iitwayo himozoini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ambamo watoto wa Kilifi walihusika, uliihusisha taka hiyo na kuzuilika kwa utengenezaji wa chembe nyekundu. Kadhalika, mwaka 2020, kundi la Cristina Lo Celso wa Imperial College London lilieleza kwamba, katika panya wenye malaria, seli shina zilisukumwa kujigawa kupita kiasi, chembe zinazojenga mfupa zilipungua, na mishipa midogo ya uboho ikaanza kuvuja, hata makao yenyewe ya seli shina yakaharibika. Basi ni dhahiri kwa nini mtoto aweza kupimwa akaonekana hana kimelea hata kimoja, na bado viganja vyake vikawa vyeupe kwa siku nyingi.

Damu ya kuongezwa humwokoa mtoto kama huyo, lakini nazo chembe za kuongezwa zina ajali yake. Sharti uboho wake ushike kazi kabla hazijaisha. Ndipo watafiti, Titus Kwambai wa Kenya akiwa miongoni mwao, wakauliza: itakuwaje mtoto akikingwa na malaria katika miezi ile ambayo damu yake inajijenga? Katika hospitali tisa za Kenya na Uganda waliandikisha watoto 1,049 wa umri chini ya miaka mitano, waliokuwa wamelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu; nusu wakapewa dawa ya dihidroatemisinini na piperakwini katika wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kutoka, na nusu wakapewa dawa isiyo na kitu. Majibu, yaliyotolewa mwaka 2020, yalionyesha kwamba katika muda wa kinga hiyo vifo na kulazwa tena vilipungua kwa asilimia 70. Kinga ilipokwisha, faida haikuendelea. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza utaratibu huo kwa sehemu zenye malaria ya wastani au nyingi.

Vilima vya chai si miongoni mwa sehemu hizo wakati wote. Hata hivyo mashamba yamejaa wafanyakazi ambao kwao ni Nyanza na Magharibi, na mtoto anayeruhusiwa leo kutoka hospitali ya Longisa, Kapkatet au Tenwek, huenda wiki ijayo akawa safarini kwenda kumwamkia nyanya yake Homa Bay, kwenye mbu tele, akiwa na damu isiyotimia. Mzazi mwenye safari kama hiyo na amwambie tabibu mapema, na chandarua kisiachwe nyumbani.

Fauka ya hayo, uboho hauwezi kutengeneza himoglobini pasipo madini ya chuma, na hapa chai yenyewe ina neno lake. Tanini iliyomo ndani yake huyazuia madini hayo yasifyonzwe, hasa yale ya maharagwe, managu na sukuma wiki. Kwa hiyo anayejenga damu na atenge kikombe chake na mlo kwa muda wa saa moja au zaidi, na aongeze chungwa au pera, ambalo husaidia madini kuingia mwilini. Vidonge vya chuma navyo apewe mtoto kwa amri ya tabibu, kwani penye malaria vina masharti yake.

Hata mtu mzima mwenye afya, akitoa damu yapata mililita 450, hushauriwa asubiri wiki 12 kabla ya kutoa tena, na mwanamke wiki 16. Ikiwa yeye anahitaji muda huo kwa hasara ndogo aliyoitaka mwenyewe, mtoto aliyeporwa sehemu kubwa ya damu yake na malaria hastahili kuhesabiwa mzima siku anaporudishwa nyumbani. Miezi mitatu inayofuata ni sehemu ya matibabu yake, na tarehe za kurudi kliniki zina uzito sawa na dawa aliyomeza wodini.