Tofali Lisilopita Motoni

Kamati ya shule yetu inapanga kujenga bweni, na kila mtu anauliza kama litakuwa la mawe ama la matofali. Mimi nauliza swali lingine: ni lazima tofali lichomwe?

Tanuri la matofali hulishwa kuni mchana na usiku kwa siku kadhaa. Hapa Embu, na hata kwa jirani zetu wa Meru, mti ulio karibu ni mukima, wengine huuita mubariti, uliopandwa mipakani mwa mashamba ya kahawa na majani chai. Mti huo huo ndio tunaoutegemea kwa mbao za paa na kuni za jikoni. Tutaukata mara ngapi?

Kuna tofali la udongo linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono, likachanganywa na simiti kidogo, bila moto. Mashine mashuhuri ya aina hii, CINVA-Ram, ilibuniwa Kolombia katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez. Wanaosema eti hiyo ni nyumba ya maskini wajue kwamba Kenya ina kiwango rasmi cha matofali haya tangu 1993.

Lakini simiti nayo si imechomwa? Kweli kabisa, tena kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Ndiyo sababu tunataka kutumia kidogo tu, na kipimo chake hutolewa na sanduku la mbao ambalo hata mwanafunzi anaweza kulitengeneza. Urefu wa ndani ni sentimita 60, upana 4 na kina 4. Paka mafuta ndani. Chukua udongo wa chini, si ule mweusi wa juu wenye mizizi, uuchekeche, uuloweshe na kuushindilia humo. Uanike juani siku tatu. Ukikauka utanywea, nawe uusukume upande mmoja na kupima pengo lililobaki. Pengo likiwa chini ya milimita 12, debe moja la simiti hutosha madebe 18 ya udongo. Kati ya 12 na 24, ni madebe 16; hadi 36, ni 14; hadi 48, ni 12. Likizidi hapo, ongeza mchanga upime tena. Udongo wetu mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya una ufinyanzi mwingi, ilhali ule wa chini kuelekea Mbeere una mchanga zaidi. Kwa hivyo usichukue kipimo cha jirani, pima shimo lako!

Maji nayo yana siri yake. Finyanga donge, uliangushe kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande vichache, ni sawa. Likisambaratika ni kavu mno, na likibaki kama chapati limelowa kupita kiasi.

Sasa hapa ndipo mwenye nyumba na mwanakandarasi hugombana. Tofali likitoka kwenye mashine linaonekana limekamilika, na fundi mwenye haraka atataka kulijengea kesho yake. Kumbe simiti bado inakunywa maji! Matofali yafunikwe kwa plastiki au majani ya migomba, yanyunyiziwe maji siku 7 bila kukosa, na yaachwe hadi siku 28 ndipo yabebe mzigo. Ningekuwa mwenye mali, siku hizo ningeziandika kwenye mkataba kabla ya kulipa hata senti.

Adui wa ukuta huu ni maji. Msingi uwe wa mawe na uinuke juu ya ardhi, na paa litokeze vizuri. Wekeni mifereji ya mabati na tenki, kwa maana milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bweni lenye paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10, hizo ni lita 1,000 kasoro kidogo, mradi mtu aondoe majani kwenye mifereji kabla ya mvua za Machi na Oktoba. Na kwa kuwa Ikweta inapita karibu na mji wa Meru, madirisha yaelekee kaskazini na kusini ili jua la jioni lisitupike.

Klabu yetu imeshatengeneza sanduku. Udongo wa nyuma ya jikoni la shule ulinywea milimita 20, yaani ni madebe 16 kwa moja. Shimo la karibu na uwanja bado halijapimwa. Wenye nafasi Jumamosi waje na jembe.