Sashe zilikatazwa: mbona bado zimejaa Kamina?

Tarehe 30 Desemba 2017 serikali yetu ilitoa dekre namba 17/018. Inakataza kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Lakini sokoni Kamina chumvi na karanga bado zinafungwa katika sashe. Kwa nini?

Kwanza, sheria inahitaji watu wa kuisimamia. Rwanda ilipokataza mifuko hiyo mwaka 2008, ilikagua mizigo mipakani. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na kuweka faini nzito na kifungo. Kwetu, mama anayeuza sukari ya kupima hana kitu kingine cha bei ndogo cha kufungia. Tukimnyang'anya sashe zake sokoni, huku anayezileta kwa malori haguswi, tumemwonea maskini.

Pili, plastiki zote si sawa. Chupa na bidoni zina bei: huoshwa na kuuzwa tena kwa ajili ya mawese. Sashe nyembamba haina mnunuzi. Inaziba mifereji, na mbuzi wanaimeza. Huko Bukavu, taka zinazoelea kutoka Ziwa Kivu huziba mitambo ya umeme ya Ruzizi, na nyumba hubaki gizani.

Tatu, kuyeyusha plastiki na kutengeneza vitu vipya kunahitaji kiwanda, na kiwanda kinahitaji mzigo mwingi. Chupa tupu ni nyepesi, lakini zinajaza behewa upesi. Kutoka Haut-Lomami hadi Lubumbashi, nauli inaweza kupita bei ya mzigo wenyewe. Ndiyo sababu serikali haiwezi kukataza tu. Inapaswa pia kusaidia ukusanyaji na usafirishaji.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na pia wajibu wa kuyalinda. Nasi tunasoma katika Mwanzo 2:15 kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Basi twende sokoni na vikapu vyetu. Tusichome plastiki uani, maana moshi wake una sumu na watoto ndio wanaouvuta. Chupa iliyobeba mafuta ya taa isitiwe tena maji ya kunywa. Na tunapokutana na viongozi wa mji, tuwaulize: waingizaji wa sashe wamekaguliwa lini, na taka tukizikusanya, tuzipeleke wapi?