Pweto: Ziwa linapofungwa, waya na sindano vinaingia kazini

Kila mwaka, Desemba ikifika, Ziwa Moero linapewa pumziko. Zambia hufunga uvuvi tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaa, na upande wa Kongo pia, huko Pweto na Kilwa, wavuvi hutakiwa kuweka nyavu chini. Ni miezi ya mvua nyingi. Barabara ya kwenda Lubumbashi inageuka matope, malori yanachelewa, na mtu aliyezoea kwenda majini kabla ya jua kutoka anajikuta amekaa nyumbani mchana kutwa. Ziwa limefungwa, lakini tumbo la mtoto halifungwi.

Katika parseli nyingi za Katanga, kukaa nyumbani kuna kazi mbili za mikono zisizohitaji umeme wala mtambo mkubwa. Ya kwanza ni kutengeneza vitu vidogo vya mfano: mitumbwi ya mbao nyepesi, malori ya waya yenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili zilizochakaa, baiskeli, nyumba za makaratasi. Ya pili ni kazi ya sindano: kudarizi, au kama wengi wanavyosema hapa, kufanya brode, kwenye vitambaa vya meza na vya viti, tena trikoti na krosheti kwa kofia na soksi za watoto wachanga.

Kazi ya sindano ina historia ndefu mkoani. Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma na kudarizi katika vituo vilivyoitwa foyer social. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, nayo ilikuwa na mafunzo ya namna hiyo katika kambi zake. Nia ya wakoloni ilikuwa kumfanya mwanamke awe mke wa nyumbani kwa mfano wao. Lakini ujuzi ulibaki mikononi mwa akina mama, nao waliufanya kuwa njia ya kupata feza.

Vitu vidogo, kwa upande wao, huonekana kama mchezo wa watoto. Jina la Bodys Isek Kingelez linatosha kukanusha hilo. Alizaliwa mwaka 1948, akaishi Kinshasa, na kwa makaratasi, maboksi na makopo ya vinywaji alijenga majengo na miji mizima ya kuweka juu ya meza. Alipopeleka kazi yake ya mwanzo kwenye makumbusho ya taifa, hawakusadiki kwamba ni yeye aliyeitengeneza, ikambidi aoneshe ujuzi wake kwa kazi nyingine. Mwaka 1989 kazi zake zilioneshwa Paris. Mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, makumbusho ya MoMA ya New York yalimfanyia maonesho makubwa.

Si kila mtu wa Pweto atafika New York. Swali la nyumbani ni jingine: namna gani kuendesha kazi hizi mbili pamoja bila moja kuua nyingine?

Jibu linaanzia kwenye tabia ya kila kazi. Gundi na rangi vinataka jua na mahali pakavu, na mwezi wa Januari jua ni la kuvizia. Waya unataka koleo, nguvu ya vidole, na mtoto mdogo awe mbali. Sindano ni mpole zaidi: inawekwa chini chungu kinapochemka, inachukuliwa tena mtoto akilala. Kwa hiyo saa za jua ni za waya, mbao na rangi. Gundi ikiwa inakauka, au mvua ikianza, ndiyo zamu ya kitambaa, karibu na mlango penye mwanga.

Kila kazi ina kanuni zake pia. Anayetengeneza mtumbwi mdogo achague kipimo kimoja na asikiache. Mtumbwi wa mita 5 ukipunguzwa mara 20 unakuwa wa sentimita 25. Mvuvi wa sentimita 170 anakuwa wa sentimita 8 na nusu. Bila hivyo, mvuvi atakuwa mrefu kuliko kasia lake. Anayedarizi anunue uzi wote wa rangi moja kwa mara moja, maana uzi wa wiki ijayo unaweza kutofautiana kidogo, na mnunuzi ataona. Tena asiache sindano ndani ya kitambaa kilichokunjwa: unyevu unaleta kutu, na doa la kutu halitoki kwa urahisi.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuanza vingi. Tuchukue hesabu ya mfano. Kitambaa na nyuzi vimegharimu franka 12,000, kikauzwa 30,000. Zinabaki 18,000, kama kazi ilichukua siku 12, ni franka 1,500 kwa siku. Ni kidogo, lakini ni unga. Mtu aliyeanza vitambaa vitatu bila kumaliza hata kimoja amelaza franka 36,000 ndani ya kikapu, na hakuna anayenunua nusu ya ua. Kanuni rahisi ni hii: kimoja cha waya au mbao, kimoja cha sindano, na hakuna cha tatu mpaka kimoja kiishe.

Wakaaji wa eneo hili wana sababu nyingine ya kupenda kazi nyepesi. Mwaka 2017 maelfu ya watu walikimbia vita kuelekea Zambia, na mwanzoni mwa mwaka 2018 kambi ya Mantapala ilifunguliwa huko Nchelenge kuwapokea wakimbizi wa Kongo. Mtumbwi na nyavu haviingii ndani ya mfuko. Sindano, nyuzi na koleo vinaingia, pamoja na ujuzi wenyewe.

Lakini hesabu yote hiyo inavunjika kama saa hazigawanywi. Mama anayechota maji, anayepika na kubeba mtoto, sindano anaipata usiku tu, macho yakiwa yamechoka. Ziwa likifungwa, baba yuko nyumbani. Akichukua ndoo asubuhi, au akimshika mtoto saa mbili tu, kitambaa kinaisha kwa siku chache zaidi, naye jioni anarudia waya wake. Uvuvi utakapofunguliwa, malori ya samaki yataanza tena safari za Lubumbashi. Kilichomalizika kitapanda nayo. Kilichobaki nusu kitangoja chini ya kitanda hadi Desemba nyingine.