Kulinda Kengee ya Kisu Wakati wa Kutia Mpini na Kushona Ala

Watu wa Ifakara na wa bonde lote la Mto Kilombero hawawezi kukaa bila kisu. Mkulima wa mpunga ana haja nacho shambani, mvuvi hupasua samaki kwacho, wala mama hawezi kupika pasipo kisu. Lakini nchi yao ni nchi ya maji. Imelala kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, mito mingi hushuka humo, na wakati wa masika mto hufurika ukafunika mbuga. Tangu mwaka 2002 bonde hili limo katika orodha ya Mapatano ya Ramsar, ambayo ni mapatano ya mataifa ya kuhifadhi ardhi zenye maji mengi. Nchi ya namna hii ni njema kwa mpunga na kwa samaki, bali ni adui wa chuma.

Wako watu wanunuao kwa mhunzi kengee tupu, yaani bapa la chuma lenye makali, iliyofuliwa kwa springi ya gari, kisha hutia mpini na kushona ala wenyewe. Kazi hii si ngumu, ila yataka uangalifu, kwa maana kisu chaweza kuharibika mikononi mwa mwenyewe kabla hakijakata kitu cho chote. Basi twaeleza hapa njia ya kukilinda.

Jambo la kwanza, usitie makali ya mwisho mpaka mpini na ala vimekwisha. Makali butu hayana hasara katika kazi hii, bali makali ya wembe yaweza kukata mshipa wa kidole mara moja. Ndipo ukifunge kisu. Paka kengee mafuta membamba, lakini msuka, yaani ule mkia wa chuma uingiao katika mpini, usiupake kabisa, kwa sababu gundi haishiki penye mafuta. Makali yafunike kwa kipande cha mwanzi kilichopasuliwa, kisha zungusha kitambaa kikavu toka ncha hata karibu na msuka, ukakaze kwa uzi. Karibu na msuka zungusha mara nyingi zaidi, kwa kuwa hapo ndipo tupa iponyokapo unapolainisha mpini au noleo, yaani pete ya chuma iliyo mwanzo wa mpini.

Ukitumia jiliwa, usibane chuma juu ya chuma. Weka vibao viwili vya mti mwororo, kimoja kila upande, ubane taratibu. Tena usipige msasa juu ya kengee iliyo wazi, kwani mchanga wake huchora mikwaruzo, na maji hupenda kukaa katika mikwaruzo hiyo. Mti wa mpini na uwe mkavu kabisa. Mti mbichi husinyaa baadaye, na msuka hulegea. Mpingo na mninga ni miti mizuri kwa kazi hii, na vipande vidogo vyaweza kupatikana kwa maseremala bila kukata mti porini. Ukichonga mpingo, funika pua na mdomo, maana vumbi lake hudhuru.

Jambo la pili ni moto. Wengine huchoma msuka mpaka uwe mwekundu, wakausukuma katika tundu la mpini. Hatari yake ni kwamba moto hutembea ndani ya chuma ukafika kwenye makali. Tazama rangi ya chuma kilichong'arishwa: kwanza huwa kama majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, na kikifika kadiri ya digrii 300 za Selisiasi huwa buluu. Makali yakigeuka buluu, ugumu wake umepungua, na kisu hicho kitataka kunolewa kila mara. Kwa hiyo, kabla ya kuchoma msuka, ondoa vile vifungo vikavu, uvike kengee yote kitambaa kilicholowa maji, au uichomeke katika shina bichi la mgomba. Kazi ikiisha, kausha kengee mara hiyo hiyo, paka mafuta, ukaifunge tena. Aliye na subira atoboe tundu kwa keekee, atie gundi, asihitaji moto.

Jambo la tatu ni ala. Ngozi hulowekwa ili ishike umbo la kisu, na hapo wengi hukosa, wakatia kisu chenyewe katika ngozi mbichi. Ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti ina dawa igeuzayo chuma kuwa cheusi, na ngozi iliyokaushwa kwa chumvi huleta kutu upesi. Afadhali uchonge kisu cha mti chenye umbo lile lile, ukizidishe unene kidogo, ukitie katika ngozi mbichi, ukaache kivulini mpaka ngozi ikauke kabisa. Ukishona, weka ukanda mwembamba wa ngozi kati ya kingo mbili, ili makali yasikate uzi. Mwisho, toboa tundu dogo kwenye ncha ya ala, maji yapate njia ya kutoka.

Kazi yote ikiisha, fungua kitambaa, pangusa kengee, noa makali, paka mafuta yasiyo na chumvi. Ala ni ya kuchukulia kisu safarini na shambani, si nyumba yake ya kulala. Wakati wa masika ning'iniza kisu mbali na ala yake, mahali pakavu ambapo watoto hawafiki. Wazee wetu walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na nguo ya kisu ni ala yake.

Na mtu akijikata katika kazi hii, aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati akaulize habari za sindano ya kuzuia pepopunda, hata kama jeraha ni dogo. Kisu kipya chaweza kununuliwa, bali mkono haununuliwi.